Siku Mheshimiwa Nywila Alipoaga

Benchi lenyewe ni mlango. Ulikuwa mlango wa stoo fulani zamani, ukang'oka, ukalazwa juu ya matofali kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi viatu, na tangu hapo umefungua midomo mingi kuliko ulivyowahi kufungua vyumba. Mbele yake kuna jiko la mkaa la Shangazi, birika lake jeusi na beseni la vikombe. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa jamii unaobanduka rangi vipande vipande. Hapa ndipo linapokaa Bunge Dogo, na atakayecheka acheke akijua kwamba lina kanuni. Tangu vikao vya Bunge Kubwa vianze kuonyeshwa moja kwa moja kwenye simu, watu wa benchi hili wameyameza maneno ya waheshimiwa yakawaingia mpaka kwenye mifupa: taarifa, mwongozo, kuhusu utaratibu, naomba kutoa hoja. Shangazi muuza kahawa ndiye Spika. Hakupigiwa kura. Ndiye mwenye birika, basi. Anayebishia uamuzi wake hunywa maji ya beseni. Akigonga mfuniko, kimya. Akigonga tena, kikombe chako kinachukuliwa hata kama hujamaliza.

Mchana ule Digrii alitokea amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali.

— Nani kafa? aliuliza Kisigino, fundi viatu, bila kuiacha raba aliyokuwa akiipaka gundi.

— Hajafa mtu.

— Basi unaoa.

— Naoa na nini, Kisigino? Na cheti?

— Watu wanaoa na matumaini.

— Matumaini nayo siku hizi yanataka uzoefu wa miaka mitano.

Digrii akaketi ukingoni, taratibu, kama mtu anayelinda mkunjo wa suruali. Alikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta, tena ya daraja la juu, na tangu aipate, ajira yake ilikuwa kukaa hapa na kuwatukana wenye kazi. Alitukana vizuri. Hilo hata mahasimu wake walimkubalia.

Leo lakini alikuwa na shughuli. Mle ukumbini viti vilikuwa vinapangwa, fundi mitambo anapuliza maiki, na watu wanajiandaa kumuaga mbunge wao, aliyetangaza kwamba hagombei tena. Kamati ya mtaa ilitaka kijana mmoja aseme neno kwa niaba ya vijana, ikamchagua Digrii kwa hesabu nyepesi: yule mama ameumaliza ubunge wake wote akipigania kompyuta, na Digrii ndiye kijana pekee wa mtaa aliyezisomea. Kamati iliona tunda la mti. Tunda lenyewe lilijiona limeozea tawini.

— Wamekupa muda gani? aliuliza Shangazi, akimmiminia.

— Kidogo. Lakini unatosha kuua.

Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akakohoa kidogo, akasoma:

— "Mheshimiwa, nikiwa mtoto ulikuja shuleni kwetu, ukasimama mbele ya darasa, ukatuambia kompyuta itatulisha. Mimi nilikuamini. Naomba leo utufundishe na mapishi."

Kijiwe kikalipuka. Kisigino aligonga meza kwa nyundo. Wembe, kinyozi, alichomoza kibandani na taulo begani, akimwacha mteja wake amenyolewa nusu kichwa.

— Rudia hapo! Rudia pa mapishi!

Shangazi peke yake hakucheka.

— Mama yako ameisikia hiyo?

Digrii akazima simu.

— Mama ana hotuba yake. Anataka nisimame, niseme asante, nitaje digrii kwa sauti, nikae. Eti yule mama akitoka bungeni bado ana watu wake. Nikimsifia vizuri akinishika mkono, nitapata meza ofisini. Shati hili kalipiga pasi mara mbili. Mara ya pili alikuwa analisemesha.

— Analiambia nini?

— "Usiniaibishe." Analiambia shati, lakini mimi nimesimama pale pale.

— Na wewe moyo wako uko wapi?

— Moyo wangu uko kwenye mapishi, Shangazi. Nimenyamaza kiasi cha kutosha. Lakini nikimng'ata, mama ataniangalia kama aliyemwaibisha maisha yangu yote. Nikimwomba, nitajiangalia hivyo mimi mwenyewe.

Shangazi akaugonga mfuniko.

— Bunge likae. Hoja iliyo mbele yenu: Digrii amng'ate, au amwombe? Mwenye kahawa ndiye mwenye sauti. Anza wewe, Posta.

Posta alikuwa tarishi wa barua mpaka barua zenyewe zilipokwisha. Alistaafu na mkoba wake wa ngozi, na bado anautembeza, ndani yake akiwa ameweka miwani na ndizi.

— Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kuniona. Mimi ndiye ningepaswa kuwa wa kwanza kusema ang'atwe. Yule mama kaua stempu. Kaua bahasha. Kaua mbwa waliokuwa wananifahamu kwa sauti ya kengele. Lakini nitawaambia jambo ambalo hamjawahi kulisikia. Yule hakuanza na kompyuta. Alianza na mapenzi.

— Haya tena, alisema Kisigino.

— Alikuwa msichana, mwalimu wa kupiga taipu. Akawa na mchumba wa mbali. Mchumba akaandika barua: "Nijibu kabla ya mwezi kwisha, la sivyo naoa huku." Barua ikachelewa. Ilipofika, jamaa ana mke na mtoto anatambaa. Msichana akaapa: katika nchi hii neno halitachelewa tena! Hizo nyaya zote zilizochimbiwa mitaani, hizo kompyuta za mashuleni, hiyo kodi ya simu aliyoipigia kelele mpaka ikashushwa, yote ni hasira ya barua moja. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Digrii.

— Barua alizificha uvunguni.

— Taarifa, Mheshimiwa Spika! Wembe alinyoosha mashine ya kunyolea. Naomba kumpa taarifa msemaji. Hiyo barua ilipochelewa, tarishi wa mtaa huo alikuwa nani?

Posta akainywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja, ya moto vile vile.

— Taarifa hiyo siipokei, alisema.

Walicheka mpaka mteja wa nusu kichwa akatoka kuja kuona kinachochekwa. Digrii naye alicheka, ingawa alijaribu kuinamisha uso. Hakutaka leo kucheka. Alitaka kuihifadhi hasira yake ifike ukumbini ikiwa bado ya moto, maana hasira ikipoa haifai hata kuoshea vikombe.

— Kisigino, alisema Shangazi.

— Mimi naunga mkono ang'atwe. Na nina ushahidi wa kitaalamu. Akainua raba juu, akawaonyesha soli. Mnaona hii? Mwenyewe ameinunua siku nyingi, soli nzima! Zamani watu walitembea. Ulikwenda benki kwa mguu, ulikwenda kulipia maji kwa mguu, ukaambiwa rudi kesho, ukarudi kwa mguu. Soli ililika, nami nikala. Akaja huyu mama na huduma za serikali mtandaoni. Sasa kinachotembea ni kidole. Na kidole hakivai kiatu!

— Hapo kasema, alisema Posta.

— Bado. Jiulizeni, nani anafaidika watu wasipotembea? Wenye viti! Yule mama kafungwa mkataba na watengeneza makochi. Nchi nzima ikae. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Na asiyekwenda kabisa je?

— Huyo analiwa, alisema Digrii.

— Ndiyo nasema hivyo!

Wembe hakuweza kuvumilia. Alinyakua kikombe cha Posta, tupu, ili awe na haki ya kusema.

— Nyinyi mnamtazama mdomo. Mimi namtazama nywele. Ile miaka yote tunamwona kwenye simu ya Kisigino, zimewahi kuota? Zimepungua? Mvi hata moja? Ziko vile vile, kama zimechorwa. Mimi ni kinyozi, nawaambia nywele hazidanganyi. Yule si mtu.

— Ni nini basi?

— Mashine. Kaundwa huko wanakoundia, kaletwa bungeni kutetea ndugu zake kompyuta. Ndiyo maana hachoki. Ndiyo maana hapayuki. Ndiyo maana hasinzii.

— Alishasinzia, alisema Shangazi. Sote tulimwona. Kikao cha bajeti, kichwa kiko kwenye makabrasha.

— Alikuwa anachaji!

Hapo Posta alicheka mpaka ikabidi ashikwe mgongo.

— Na leo anaaga kwa nini? Kisigino aliuliza, akijifuta machozi.

— Haagi! Anarudishwa kiwandani. Softiwea imepitwa na wakati. Ukiona vyaelea, vimeundwa!

— Yeye anaelea wapi?

— Bungeni. Wenzake wote wanazama usingizini. Akili ni nywele, bwana, kila mtu ana zake.

— Ndiyo maana wewe unazifagia kila jioni na huziokoti, alisema Digrii.

Shangazi akagonga mfuniko, lakini kwa upole. Alimwangalia yule kijana kwa jicho la mtu aliyemjua tangu anaburuza mkoba wa shule.

— Na wewe, mtoto wangu? Tuseme kila mtu hapa kaleta uongo wake. Wako uko wapi?

— Mimi sina uongo. Nina barua pepe. Digrii akakisogeza kikombe kando. Unaomba kazi kwenye ule mfumo wa ajira alioupigania. Unajaza usiku kucha. Asubuhi mfumo unajibu: "Dear Applicant." Hata jina hawakuniitia. "Tunasikitika." Nani anasikitika? Chini wameandika, ujumbe huu umetumwa na mfumo, usiujibu. Yaani mashine ndiyo imesikitika! Wembe anasema yule mama ni mashine. Heri angekuwa mashine, tungesema hajui. Mimi sijawahi kukataliwa na kiumbe mwenye damu. Zamani ulikosa kazi kwa sababu huna mjomba pale ndani. Sasa unakosa kwa haki kabisa, kwa usawa, kwa uwazi, na huna hata wa kumnunia. That is what she fought for.

Gari lilipita, likatimua vumbi kuelekea ukumbini, likiwa limebeba vipaza sauti na shada la maua ya plastiki.

— Mwongozo, alisema Shangazi.

— Spika hajiombi mwongozo, alisema Wembe.

— Leo anajiomba, na amejipa. Digrii, mimi sijui kompyuta. Ila nakumbuka siku alipopeleka hoja kwamba vikao vionyeshwe watu wote waone. Wenzake walimwandama. Eti wananchi watachoka, eti siri za nchi. Siri gani! Walijua wanavyolala. Wiki ya kwanza tu kamera ikamkamata na yeye mwenyewe, amesinzia juu ya hilo kabrasha la bajeti. Watu wa televisheni wakamfuata, mama, tukikate hicho kipande? Akasema, kiacheni, kamera si yangu. Mimi nilikuwa hapa hapa napuliza mkaa. Nikasema, huyu ni wangu hata kama anasinzia.

— Na siku ya nywila je? alisema Posta, sura ikimchangamka.

Ile hadithi kila mtu aliijua, na kila mtu alitaka isimuliwe tena. Mama yule alikuwa anatetea sheria ya kulinda siri za watu mitandaoni, sheria iliyolala kwenye kamati mpaka ikaota ukungu. Akasema nywila ya mtu, lile neno la siri la kufungulia simu, ni ufunguo wa chumba chake cha kulala. Mheshimiwa mmoja mwenye tumbo la heshima akasimama, akaomba taarifa, akauliza nywila ni ugonjwa wa mifugo au wa binadamu. Bunge zima likafa kwa kicheko. Yeye akasubiri wafufuke, mmoja mmoja. Kisha akasema:

— "Ni kile kitu ambacho Mheshimiwa amekibandika nyuma ya simu yake," Posta alimwigiza kwa sauti nyembamba, miwani puani, "na Mheshimiwa jirani yake ameshakisoma!"

Walilisema pamoja, wote, kama kiitikio. Tangu siku ile alikuwa Mheshimiwa Nywila, na sheria ikapita kikao kilichofuata, kwa sababu waliokuwa wanaipinga walikuwa wamekwenda kubandua karatasi.

Digrii alijikuta ameitikia na yeye. Akakasirika kwa kuitikia.

— Sawa, alichekesha. Kicheko hakina mshahara.

— Tupige kura, alisema Kisigino. Raba ya watu inanikaukia. Wanaosema amng'ate?

— Spika ni nani hapa? Shangazi akajinyoosha. Wanaosema Digrii amng'ate Mheshimiwa, waseme ndiyo.

— Ndiyooo! Kisigino na Wembe.

— Wanaosema amwombe, waseme...

— Samahani, jamani.

Aliyesema alikuwa mama mmoja ambaye hakuna aliyekuwa amemtilia maanani. Alikuja mapema kidogo, kandambili yake ya ngozi mkononi, mkanda umekatika, akisubiri fundi amalize siasa amshonee. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mguu mmoja na kiatu, mwingine umekanyaga gazeti.

— Kuhusu utaratibu! alisema Wembe. Mgeni hachangii. Mgeni anakaa jukwaa la wageni.

— Jukwaa la wageni si ndiyo hii ndoo? Nipo.

— Mwache aseme, alisema Shangazi, akampa kikombe ili iwe halali.

— Sichangii. Nauliza tu. Huyo mama mnayemsema, kesho asubuhi anaamkia wapi?

— Kwake, alisema Kisigino.

— Kwake najua, fundi. Akishaamka, anakwenda wapi?

Kisigino alifungua mdomo, akautia msumari badala ya neno. Wembe alimtazama Posta. Lilikuwa swali la mtu mstaafu, na mstaafu alikuwa mmoja tu.

— Ana shamba, nadhani, alisema Wembe.

— Wapi?

— Sijui. Wabunge si wana mashamba?

— Ana wajukuu?

Hakuna aliyejua. Watu waliojua nywele zake, mapenzi yake ya ujanani na kiwanda alichotengenezewa hawakujua kama ana mjukuu.

— Posta, wewe ulifanya nini? Shangazi aliuliza kwa sauti ya chini. Asubuhi ile ya kwanza ya kustaafu.

Posta alikuwa anafungua na kufunga kibanio cha mkoba wake.

— Mimi? Niliamka kabla ya jogoo. Nikavaa kofia ya kazi. Mke wangu akaniuliza, unakwenda wapi, nikasema narudi sasa hivi. Nikapita njia yangu yote, nyumba kwa nyumba, mikono mitupu. Mbwa mmoja tu ndiye aliyebweka. Akakifunga kibanio. Nilipochoka nikaja hapa.

Digrii alikuwa anaitazama barabara. Hakuwa anaiona. Alikuwa anaiona Jumatatu ile iliyofuata mahafali, joho likiwa limesharudishwa. Aliamka, akaoga, akavaa, akachomekea. Akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, kamba zimefungwa, akasubiri kujua anakwenda wapi. Mama yake alipita mlangoni na ufagio, akapita tena, akapita tena, akifagia mahali palipokwisha kufagiwa, bila kumtazama. Hakuwahi kumsimulia mtu. Alidhani jambo lile limempata yeye peke yake duniani, na kwamba kuna mtu wa kulaumiwa, na kwamba mtu huyo leo amekaa meza kuu anapewa maua ya plastiki.

Kipaza sauti cha ukumbini kikakwaruza, kikamwita mwakilishi wa vijana.

Akasimama.

— Bunge halijamaliza kura! alisema Kisigino.

— Ahirisha, Shangazi.

— Unakwenda kusema nini? Digrii! Unamng'ata au humng'ati?

Alikuwa ameshavuka barabara.

Ukumbini kulikuwa na joto la watu waliovaa nguo nzuri. Mwenyekiti wa kamati ndiyo kwanza alikuwa anamaliza kumshukuru mbunge kwa daraja ambalo hakulijenga yeye. Mama yake Digrii alikuwa mstari wa pili, mkoba mapajani, na alipomwona mwanawe akapandisha kidevu mara moja, juu, kama anayemwambia simama wima. Meza kuu, kati ya mashada, alikaa mwanamke mdogo kuliko alivyoonekana kwenye simu. Miwani yake ilikuwa imefungwa na uzi upande mmoja. Alikuwa anavikunjakunja vidole, kama mtu ambaye vidole vyake vimezoea kuwa na kitu cha kubonyeza.

Na nywele zilikuwa na mvi. Nyingi tu, nyuma ya masikio, pale ambapo kamera haifiki.

Digrii akashika maiki. Simu ilikuwa mkono wa pili, hotuba imefunguka, neno "mapishi" linamng'aria usoni.

— Mheshimiwa, alisema, nilikuja na hotuba. Ni kali. Nimeinoa siku nyingi.

Watu wakacheka kwa wasiwasi. Mwenyekiti akakaa vizuri kitini.

— Mama yangu naye alinipa ya kwake. Hiyo ni tamu, inaishia na ombi. Lakini kuna swali limenifuata kutoka ng'ambo ya barabara, na mimi sina jibu lake. Naomba kuuliza swali la nyongeza.

— Uliza, alisema Mheshimiwa Nywila. Alikuwa ameinuka kidogo kitini, kwa mazoea.

— Kesho asubuhi unaamkia wapi?

Watu wakageukiana kwa hofu ya utovu wa adabu. Mwenyekiti alishaanza kunyoosha mkono aichukue maiki. Mama yule alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaivua tena.

— Mwenyekiti, mwache, alisema. Swali ni halali. Akamgeukia Digrii. Wote wananiuliza nitaandika kitabu lini. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hilo. Sijui, mwanangu. Nimelikwepa hilo tangu nilipotangaza.

— Asubuhi hiyo mimi naijua, alisema Digrii, na sauti ikamtoka bila makali, mpaka mwenyewe akashangaa. Utaamka mapema kuliko siku zote. Utaoga, utavaa vizuri. Halafu utakaa kitandani umeshavaa viatu. Hapo ndipo pabaya, Mheshimiwa. Usikae hapo. Ukishafunga viatu, toka nje, hata kama huna unakokwenda.

Mstari wa pili, mkoba ulianguka. Mama yake hakuuokota. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, na macho yake yalikuwa yametua kwa mwanawe kama aliyeambiwa kwamba siku ile, pamoja na kufagia kote kule, mtoto alimwona.

— Nikitoka niende wapi? aliuliza mbunge.

— Hapo ng'ambo. Kuna kahawa na ubishi. Kuna watu wanakujua kuliko unavyojijua, ingawa yote wanayoyajua ni uongo. Kikao kinaanza ukifika. Mshahara hakuna, nakuhakikishia, mimi ni mtumishi wa siku nyingi pale.

Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mpaka mbele. Kazi hakuiomba. Aliliona ombi lile likimpita, na meza ya ofisini, na kalamu, na kiti cha kuzunguka, akaviacha vipite.

Mheshimiwa Nywila alikuwa anatazama dirishani, ng'ambo ya barabara, ambako fundi viatu, kinyozi, tarishi na muuza kahawa walikuwa wamesimama wote juu ya benchi kuchungulia, na mama wa kandambili moja akiwa amewashikilia wasianguke.

— Kuna mtandao pale? aliuliza.

— Upo, Mheshimiwa. Unakatikakatika. Digrii akaitia simu mfukoni. Na kuanzia kesho tutakulaumu uso kwa uso.